Mipira ya Mhandisi na Beberu Uliyempeleka Kihanga

Dar es Salaam,
Jumapili, baada ya ibada

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Pokea na shikamoo ya mkweo Jasinta, ambaye amekaa hapa pembeni anachambua mchele na ananiambia nianze na mguu wako. Basi naanza na mguu. Adventina alisema uvimbe umepungua na kwamba sasa unafika hadi shamba la chini bila mkongojo. Kama ni kweli, namshukuru Mungu. Kama dada yangu alisema hivyo ili mimi nilale usingizi, naomba uende hospitali kabla mvua hazijakolea, maana njia ya hapo Ihembe ikishalowa hakuna wa bodaboda atakayekubali kubeba mtu mwenye mguu mbovu. Mama naye kifua chake vipi? Na ile migomba iliyoingiwa na mnyauko upande wa kwa jirani, mliing'oa yote au mliacha mingine kwa kuionea huruma? Msiionee huruma. Huo ugonjwa hauna shukrani.

Sisi huku miili ni mizima. Watoto wanakwenda shule, na mdogo ameota meno mawili ya juu.

Barua hii anakuletea jirani yetu anayerudi Ihanda kumzika bibi yake. Nimemwomba akukabidhi wewe mkononi, asimwachie mtu. Najua utashangaa, mtu mwenye simu kuandika barua. Lakini simu ya hapo nyumbani mnaiweka spika, na kila aliyepo sebuleni anasikia, mpaka mgeni aliyekuja kuomba mbegu za maharage. Hilo moja. La pili, kwenye simu ningepaza sauti, na tangu nizaliwe sijawahi kukupazia sauti. Kwenye karatasi naweza kukasirika polepole.

Nimekasirika, Baba. Unisamehe kwa kulitamka, lakini ndivyo nilivyo.

Jumanne iliyopita Adventina alinipigia akinong'ona, nadhani alikuwa nyuma ya jiko. Akasema Mhandisi amempigia simu kaka yake wa Kihanga na kumwambia kwamba nimefukuzwa kazi kwa sababu nilimwibia. Akasema habari ilifika kwa wazee wenzako wa usharika kabla hata ya ibada. Akasema wewe hukutia neno. Ulimfungua yule beberu mweusi, ukachukua na mkungu wa ndizi, ukaenda Kihanga pamoja na baba mdogo, na huko ukaomba msamaha kwa jina langu. Akasema walikupokea vizuri, wakakupa kiti chenye mto.

Nataka ujue uliomba msamaha wa kitu gani. Kwa hiyo nitakueleza yote tangu mwanzo, hata yale unayoyajua, kwa sababu naogopa kwamba unayoyajua umeyapata kwenye mdomo wa mtu mwingine.

Unajua kwamba nilikuwa kedi kwenye klabu ya gofu. Jina la klabu naliacha, sitaki mtu aje kusema nimewachafua. Nyumbani nilipowaeleza kazi hii mara ya kwanza, baba mdogo alicheka akasema, kumbe umekwenda Dar kubeba mifuko ya watu. Ni kweli kedi anabeba mfuko wa fimbo za mchezaji. Lakini kubeba ni kazi ya mgongo tu. Mimi ndiye niliyekuwa nikimwambia mchezaji shimo liko umbali gani, upepo unasukuma upande gani, na achomoe fimbo ipi. Mpira ukipotelea kwenye majani, jicho langu ndilo lililojua ulipodondokea. Miaka tisa nimeufanyia kazi uwanja ule, na kila mteremko wake naujua kwa nyayo. Jumatatu walikuwa wanaturuhusu makedi tucheze wenyewe, na mimi si mchezaji mbaya. Jiko la gesi analopikia Jasinta ni zawadi niliyoipata kwenye mashindano ya makedi. Sikuwahi kukuambia kwa sababu niliona utadhani ni majivuno.

Mhandisi aliingia klabu ile miaka mitatu iliyopita. Siku ya kwanza alinisikia nikizungumza na mwenzangu, akasimama akaniuliza kwetu wapi. Nikasema Karagwe, Ihembe. Palepale, mbele ya wanachama wote, akanisalimia kwa Kinyambo, akaniuliza mimi ni mtoto wa nani. Nilipomtajia jina lako akasema anakukumbuka, kwamba wewe ndiye uliyesimamia mafundi siku wanapandisha mabati aliyoyatoa kwa ajili ya kanisa letu. Baba, siku hiyo nilirudi nyumbani nikamwambia Jasinta nimepata ndugu. Tangu hapo hakutaka kedi mwingine. Kila Jumamosi asubuhi, umande haujakauka, mimi na yeye tulikuwa wa kwanza kwenye majani. Tulizungumza habari za senene, za bei ya kahawa, za nani amekufa Kihanga na nani ameoa Omurushaka. Nilimpenda yule mzee. Silifichi hilo, kwa sababu bila hilo huwezi kuelewa kilichoniuma.

Sasa mipira.

Mipira ya gofu ukiiona ni midogo, myeupe, yote sawa. Lakini iko ya kawaida, yenye ganda gumu, na iko ya bei ghali, yenye ngozi laini, ile wanayoitumia mabingwa tunaowaona kwenye televisheni. Mhandisi alitumia hiyo ya mabingwa tu. Boksi moja la mipira kumi na miwili lilikuwa linakaribia bei ya gunia la kahawa ya maganda, lile unaloanika na kugeuza wiki tatu huku ukiikimbiza mvua. Na kila tulipotoka, mipira minne au mitano haikurudi. Mmoja kwenye bwawa, mwingine kwenye miti ya mikaratusi, mwingine nje ya ukuta kabisa. Mzee anapiga kwa nguvu nyingi na haraka nyingi, mwili unageuka kabla ya mikono, mpira unaondoka vizuri halafu unakata kulia kama umeitwa na mtu. Nilimwambia kwa upole mara nyingi, apunguze haraka. Alikuwa anaitikia, kisha anachomoa mpira mwingine mpya.

Na mimi nimeupiga mpira ule, Baba, Jumatatu zetu. Ni mzuri kweli. Mtu anayejua kuupiga, akiwa karibu na shimo, unadondoka, unaruka mara moja, unasimama kama umekanyagiwa breki. Sisemi kwamba wanaounda mipira ile ni wezi. Lakini uzuri huo anaupata yule anayeupiga mahali pake, na anayeupiga hivyo mara nyingi. Anayepiga nusu udongo nusu mpira hauoni kabisa. Na ukishaupoteza bwawani, chura haulizi ulikuwa wa bei gani.

Palikuwa na mwanachama mwingine, daktari wa meno, mama mmoja wa Kipare mwenye maneno makali. Yeye alitumia mipira ya kawaida, tena mara nyingine ile tuliyoizamia bwawani na kuiosha. Na alimshinda Mhandisi karibu kila Jumamosi. Hilo ndilo lililozaa mambo yote.

Jumamosi moja, mchezo umekwisha, walikaa barazani watu wanne na soda zao, na mimi nilikuwa chini ya ngazi nafuta fimbo. Daktari akaanza kumtania Mhandisi kwamba analisha vyura kwa mipira ya mabingwa. Mhandisi akamjibu kwamba yeye daktari ni bahili, na kwamba kitu kizuri ni kizuri hata mkononi mwa anayejifunza. Wakabishana, wengine wakachochea, mpaka daktari akasema wamuulize mtu anayeona mapigo ya wote. Akanielekezea kidole.

Nilijaribu kukwepa. Nilisema kila mpira una kazi yake. Wakacheka, wakasema hilo si jibu. Nikasema mimi ni kedi tu, wakubwa wanajua zaidi. Mhandisi hakuniacha. Alisema mbele yao kwamba huyu ni mtoto wa kwetu, mtoto wa mzee wa kanisa, na watu wa kwetu hawapindishi maneno. Kisha akanikazia macho akauliza:

"Nikiacha mipira hii, nikanunua ya kawaida, nitapoteza nini?"

Nilikumbuka kwamba ni yeye aliyetaja jina lako. Nikajibu:

"Kwa sasa, mzee, hutapoteza kitu. Fedha ya mipira umlipe mwalimu akutengenezee pigo lako, halafu uirudie. Hapo itakufaa."

Hayo ndiyo maneno niliyosema. Hayakuzidi hapo. Nimeyarudia kichwani mara nyingi nikitafuta neno la dharau, na silioni.

Yangeishia hapo pengine yasingekuwa na uzito. Lakini daktari alishaanza kufurahi. Alichukua kalamu nyeusi ya wino mzito, akachukua mipira sita ya Mhandisi na sita ya kwake, akafunika maandishi na alama zote, akaichanganya kwenye kofia. Akasema Mhandisi apige yote kumi na miwili, na kila anapopiga aseme ni wa aina gani. Tukaenda sehemu ya mazoezi, na watu wengine wakafuata. Mimi niliambiwa nisimame upande nikiangalia inakodondokea.

Alipiga. Ilikwenda kama kawaida yake, mingine mbali, mingine kulia. Mipira ya aina zote mbili ilidondoka mahali pamoja, hakuna aliyeweza kuitenganisha kwa umbali. Na katika kutaja, alikosea mara nyingi kuliko alivyopatia. Wa mwisho aliupiga vizuri kuliko yote, pigo zuri kweli, nikafurahi kwa ajili yake. Akasema kwa sauti kwamba huo hana shaka, huo ni wake, ameusikia mkononi. Nilikwenda kuuchukua, nikaufuta wino kwa kitambaa chenye maji mbele yao. Ulikuwa wa daktari. Tena wa bwawani, wenye doa la kijani lisilotoka.

Watu walicheka mpaka wakashika magoti. Mhandisi naye alicheka. Aliwaagizia wote vinywaji. Aliniwekea mkono begani, akasema kijana umenifundisha, na ule mkono ulikaa begani kwangu muda mrefu kuliko ulivyohitajika. Mimi nilidhani yamekwisha. Nilikwenda nyumbani nikamsimulia Jasinta, na tukacheka pia. Jasinta peke yake ndiye aliyeniuliza kama yule mzee alikuwa anacheka kwa macho au kwa meno. Nikamwambia asiwe na mashaka, yule ni mtu wa nyumbani.

Jumanne iliyofuata kapteni wa klabu aliniita ofisini. Kapteni ndiye anayesimamia wachezaji na makedi, mtu mstaarabu, nimembebea fimbo nyingi. Akasema Mhandisi ameleta malalamiko kwamba boksi zima la mipira mipya limetoweka kwenye mfuko wake, na mfuko huo nilikuwa naushika mimi. Nikasema sijachukua. Akasema twende kwenye kabati langu. Tukalifungua. Ndani palikuwa na koti la mvua, viatu, kitabu changu cha nyimbo, na soksi ndefu yenye mipira niliyookota. Kila kedi ana soksi kama hiyo. Mpira uliopotezwa na mwenyewe, asipoutaka tena, ni wa aliyeuokota. Na Mhandisi mwenyewe alinipa ruhusa siku moja, mbele ya kedi mwenzangu Saidi. Alisema mpira aliokwisha kuupoteza una mkosi, nikiukuta ni wangu.

Katika soksi ile, mipira saba ilikuwa ya aina yake, yenye vitone viwili vyekundu. Kapteni akaitazama, akanitazama.

Hapa nakuomba usome polepole, Baba, kwa sababu ndipo ukweli ulipo. Vile vitone vyekundu nilikuwa naviweka mimi kwa mkono wangu. Mpira ukiwa ndani ya boksi hauna alama. Asubuhi, tukiwa tayari kuanza, nilikuwa natoa mipira ya siku hiyo, naitia vitone, nampa. Kwa hiyo mpira wenye vitone ni mpira uliokwisha kuchezwa, ukapotea. Wa boksi lililoibwa usingekuwa na vitone. Tena ile saba ilikuwa na mikwaruzo, na mmoja ulipasuka ngozi kwa kugonga mti. Nani anaiba mpira mpya halafu anaupasua?

Nilimweleza kapteni hivyo hivyo. Alichukua mmoja akauzungusha kwenye vidole. Aliutazama mkwaruzo, akatazama kitone. Alielewa. Nilimwona alivyoelewa, kwa sababu aliurudisha kwenye soksi taratibu kama anaogopa utasema kitu. Nikamwomba amwite Saidi. Saidi aliitwa. Akaulizwa kama aliwahi kumsikia Mhandisi akinipa ruhusa. Saidi aliangalia sakafu, akasema hakumbuki.

Saidi ana watoto wanne. Siku mbili baadaye alikuja hapa kwangu na kilo ya sukari, akakaa kwenye ndoo, akalia. Sukari Jasinta aliipokea.

Kapteni aliponitoa ofisini alisema maneno ya chini: "Wewe utapata kazi nyingine, Projesti. Mimi nikimpoteza mwanachama kama yule, simpati mwingine." Akanipa muda wa kukusanya vitu vyangu. Miaka tisa ikaingia kwenye mfuko mmoja wa plastiki.

Sikuondoka. Nilikwenda kumsubiri Mhandisi kwenye maegesho ya magari, maana najua siku zake za kuja. Alipofika nilimwamkia. Aliitikia. Nikamwambia kwamba yeye anajua sikuiba. Alifungua mlango wa nyuma, akachukua mfuko wake mwenyewe, na hiyo ilikuwa mara ya kwanza kumwona akiubeba. Akanijibu kwa lugha yetu, kwa sauti ya upole kabisa, ile aliyokuwa akinisimulia nayo habari za senene:

"Najua. Lakini na wewe unajua ulivyonifanya mbele ya wale watu."

Kisha akaenda kucheza.

Anajua, Baba. Hakusema kwamba pengine amekosea, wala kwamba ataangalia tena nyumbani. Alisema anajua. Na baada ya kusema anajua, ndipo alipompigia kaka yake simu.

Kwa hiyo beberu wako ameliwa na watu wa mtu anayejua kwamba sikuiba. Walipokuwa wanakukalisha kwenye kiti chenye mto, wenyewe pengine hawakujua, siwalaumu. Lakini yeye alipoambiwa kwamba mzee wa Ihembe amekuja kuinamisha kichwa, alijua ameinamiwa kwa bure. Na hakukuzuia.

Adventina aliniambia kwamba alikuuliza kwa nini unakwenda, na wewe ukamjibu kwa methali, kwamba mkono usioweza kuukata, ubusu. Nimeifikiria methali hiyo wiki nzima nikiwa kazini. Mimi sikutaka kuukata mkono wa mtu, Baba. Sikuomba ugombane na Mhandisi, wala usimame kanisani useme neno. Nakumbuka nani alitoa mabati, na najua wewe ndiye unayekaa chini yake kila Jumapili. Lakini ungebaki nyumbani tu, ukaendelea kukata majani ya migomba. Kama lazima mkono ubusiwe, usiubusu kwa midomo yangu.

Na kinachonichoma ni kwamba nimewahi kukuona ukikataa. Nilikuwa darasa la tano. Pale chama cha msingi karani alisema kahawa yetu ni mbichi, haijakauka, akataka kupunguza uzito. Wengine wote walikuwa wanakubali. Wewe uliweka gunia chini ukasema hutaondoka nalo na hutalipunguza. Ulichota konzi ya kahawa ukampa karani aivunje kwa meno yake mwenyewe, mbele ya foleni nzima. Aliivunja, tukasikia. Akaandika uzito wote. Mimi nilikuwa nimeshika baiskeli, na tuliporudi sikuwa nahisi njia. Huyo ndiye baba niliyekuwa naye kichwani siku nasimama mbele ya kapteni na mipira yenye vitone. Nilisema, nitamweleza tu ilivyo, na ataivunja kwa meno yake.

Basi. Yule daktari wa meno alinitafuta. Alikuja mpaka hapa kwetu Jumamosi iliyofuata, akapaki gari mbali kwa sababu ya matope, akatembea. Alisema amesikitika, kwamba hakujua utani wake ungefika huko. Nikamuuliza kama angekuwa tayari kumwambia kapteni alichokiona. Akasema mambo ya klabu yana utaratibu wake, na kwamba maneno yake yangezidisha moto. Kisha akanipa zawadi iliyofungwa kwenye karatasi. Alipoondoka nikaifungua. Lilikuwa boksi la mipira ya gofu. Ile ile ya bei ghali, mipya, kumi na miwili.

Sijui aliwaza nini. Pengine hakuwaza. Sina fimbo, sina uwanja, na nimefukuzwa kwa ajili ya mipira hiyo hiyo. Jasinta aliitazama ile mipira ilivyojipanga kwenye boksi, myeupe kama mayai, akatoka nje akakaa kibarazani. Niliiuza siku hiyohiyo kwa kedi mmoja, na ikalipa kodi ya chumba. Mtu akiniuliza leo kama mipira ile ina thamani kwa mtu asiye bingwa, nitamwambia ndiyo, kwangu ilikuwa nayo, mwezi mmoja.

Sasa nashusha ndizi sokoni. Malori yanakuja na mikungu kutoka Kagera, mengine kutoka huko kwetu Karagwe na Kyerwa, na sisi tunaibeba mabegani mpaka kwa wenye meza. Siku ya kwanza niliukuta mkungu umefungwa kwa kamba ya mgomba kwa fundo kama lako, nikasimama nao mpaka msimamizi akaniuliza kama naumwa. Bega langu la kulia limechubuka lakini linazoea. Mikono inanuka utomvu. Wenzangu hawajui gofu ni nini, na sijawaambia.

Jasinta anataka tuje Krismasi. Nimemwambia mwaka huu sitakuja. Yeye na watoto watakuja, nimekwisha kuzungumza na kondakta wa basi. Watoto wasijue lolote, wafurahie bibi yao. Mimi nitabaki huku. Si kwa ajili ya kazi, na watu wa Kihanga hawanipi aibu. Wewe ndiye unayenitia aibu, Baba, na nimeandika sentensi hii mara tatu kwenye karatasi nyingine nikiifuta, na mara ya nne nimeiacha.

Mnisalimie Mama. Mwambie kifua asikifanyie mchezo, na asichemshe maziwa akiwa amesimama kwenye moshi. Nisalimie Adventina, na asigombezwe kwa kunipigia simu, kwa sababu asingenipigia ningesikia kutoka kwa mtu mwingine na ingekuwa vibaya zaidi. Msalimieni shangazi wa Nkwenda na mume wake, na wale mapacha wao. Msalimieni baba mdogo. Yeye alikusindikiza Kihanga kwa sababu ulimwambia, sina neno naye. Msalimieni mwalimu wa kwaya, na wazee wote wa usharika, hata wale waliosema.

Sikuombi ukamrudishe beberu, ameshaliwa. Sikuombi uende Kihanga mara ya pili, mguu wako hautaki. Ukitaka kuniandikia, jirani atarudi huku baada ya arobaini, mpe karatasi. Usiandike mengi. Tangu mambo haya yaanze, Tata, baba yangu, kapteni ameniuliza, daktari ameniuliza, Jasinta ameniuliza usiku akiwa amenipa mgongo, na nimewajibu wote. Wewe peke yako hujaniuliza kama niliiba.

Niulize.

Ni mimi mwanao,
Projesti